UZI: Barua iliyotoroka Lokitaung, na kwa nini inatuhusu Kapedo

1/ Kila operesheni ya usalama ikitangazwa Kapedo, mabishano huwa yaleyale. Huyu anasema, "Mlio mbali nyamazeni, serikali inajua." Yule anajibu, "Tulio ndani ndio hatusikizwi." Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunasoma historia tu, manake huu mjadala ulianza Turkana kabla ya simu.

2/ Mkoloni alikuwa na sheria za kufunga wilaya. Ya kwanza ni ya 1902. Mwaka 1934 ikaja ya wilaya maalum, na Turkana ikawemo. Mgeni haingii bila kibali, mwenyeji hatembei atakavyo. Sababu iliyotolewa: usalama. Matokeo yake, yaliyotokea huku yalifika Nairobi kwa mdomo wa DC.

3/ Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Magazeti ya Kikuyu yakapigwa marufuku. Viongozi sita wakashtakiwa Kapenguria, na Aprili 1953 wakahukumiwa miaka saba. Mzee ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza akapelekwa Lokitaung pamoja na wenzake, kaskazini kabisa mwa Turkana. Si jua tu lililochaguliwa pale. Kulichaguliwa kimya.

4/ Huku nje, serikali ilikuwa na redio, vipeperushi na magari ya sinema. Hadithi ilikuwa moja: waliofungwa ni wauaji, watu wamewasahau. Hata Mei 1960, gavana bado alimwita yule mzee kiongozi wa giza na kifo.

5/ Lakini Juni 1958 barua ya wafungwa ilipenyezwa kutoka Lokitaung, ikachapishwa London na gazeti la The Observer. Walilalamikia jinsi wanavyotendewa. Hawakuwa na redio wala gari la sinema, ni karatasi tu. Mwezi huohuo mjumbe mmoja Mwafrika akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria, akasema waliofungwa bado ni viongozi mioyoni mwa watu. Akazomewa. Lakini jina lilikuwa limeshatamkwa hadharani.

6/ Mwaka huohuo Rawson Macharia, shahidi mkuu wa Kapenguria, akala kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa malipo. Unajua nani alifungwa? Ni yeye. Tena si kwa ushahidi ule wa kwanza. Alifungwa kwa kile kiapo cha kuukana.

7/ Machi 3, 1959, wafungwa 11 walikufa kambi ya Hola, Tana River. Taarifa ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha walipigwa. Bunge la Uingereza likajadili, na aibu ile ikaharakisha mwisho wa kambi zile.

8/ Angalia kilichoangusha propaganda. Si uvumi wa upande wa pili. Ni barua iliyosema mahali, kiapo chenye jina, na maiti zilizochunguzwa na daktari. Uvumi serikali inaupenda, kwa sababu ni rahisi kuukanusha.

9/ Sasa sehemu inayouma. Mzee alihamishiwa Lodwar 1959, kisha Maralal, akaachiliwa Agosti 1961. Uhuru ukaja. Mtu angedhani aliyefungiwa Turkana angefuta sheria za kuifunga Turkana. Wapi! Zilibaki vitabuni hadi 1997. Na mmoja wa wale sita wa Kapenguria alizuiliwa tena bila kesi mwaka 1969, na serikali ya mwenzake wa kizimbani.

10/ Kwa hivyo ukiambiwa hili ni suala la mzungu, au la chama fulani, kataa. Yeyote anayeshika ufunguo anauona mlango uliofungwa kuwa na faida.

11/ Turudi Kapedo. Mwaka 2014 polisi wengi waliuawa huku kwa kuviziwa. Uchungu wa familia zao ni wa kweli. Februari 2023 Turkana, Baringo na kaunti jirani ziliwekewa kafyu. Hofu ya mama anayekimbia na watoto usiku nayo ni ya kweli. Mturkana ana hadithi yake, Mpokot ana yake, serikali ina yake. Anayetaka usikie moja tu, muulize kwa nini.

12/ Kabla ya kusambaza habari yoyote ya huku, uliza manne: Ni wapi hasa? Ni lini? Nani aliona kwa macho? Na je, mwandishi wa habari au daktari ameruhusiwa kufika? Jibu la hilo la nne likiwa "hapana", usijaze pengo kwa kubuni. Dai njia ifunguliwe.

Toeni maoni, lakini kabila la mtu tuliache nje.