Wanafunzi wa India Wajitolea Kuendeleza Sanaa za Kale

Tangu mwaka 1977 wanafunzi wa shule na vyuo nchini India wamekuwa wakiandaa, pasipo malipo, maonyesho ya muziki na ngoma za kale za nchi yao. Harakati inayowaunganisha hujulikana kwa herufi SPIC MACAY, na jina lake kwa Kiswahili ni Jumuiya ya Kukuza Muziki na Utamaduni wa Kale wa India Miongoni mwa Vijana. Mwasisi wake ni Dkt. Kiran Seth, aliyekuwa profesa katika Taasisi ya Teknolojia ya India mjini Delhi. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alihudhuria onyesho la waimbaji wa ukoo wa Dagar, mabingwa wa dhrupad, uimbaji wa kale wenye mwendo wa taratibu mno. Sauti zile zilimwingia moyoni, naye aliporejea nyumbani alitaka vijana wa India wazisikie.

Wakati huo sanaa hizi zilikuwa zimepoteza walezi wake. Kwa karne nyingi waimbaji na wapiga ala waliishi kwa ufadhili wa wafalme na matajiri. Baada ya uhuru wa mwaka 1947 milki za watawala hao ziliunganishwa na India, na mwaka 1971 posho walizokuwa wakilipwa na serikali zikafutwa. Redio ya taifa, All India Radio, iliajiri wasanii wengi. Lakini redio, pamoja na fadhila zake zote, haimketishi kijana mbele ya fundi akaviona vidole vikitembea juu ya nyuzi.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na wanaojitolea. Walichotoa wafalme kwa dhahabu, mwanafunzi hutoa kwa muda wake. Humwomba mkuu wa shule saa moja na nusu ndani ya ratiba iliyojaa, huzunguka kutafuta wafadhili, hubandika matangazo, hukodi vipaza sauti na kutandika mazulia. Humpokea msanii kituo cha treni na pengine hulazimika kuipakata tanpura, ala ndefu yenye tumbo la kibuyu, ndani ya bajaji. Kiingilio hakitozwi. Wasanii nao hukubali ujira mdogo kuliko wanaolipwa kwenye kumbi kubwa. Miongoni mwao wamekuwamo Bismillah Khan aliyepuliza shehnai, Birju Maharaj mcheza kathak, na Hariprasad Chaurasia mpiga filimbi. Wasikilizaji huvua viatu na kuketi chini.

Kazi hii ina uchungu wake. Raga moja huweza kupita saa nzima, na sehemu yake ya mwanzo haina ngoma. Kijana aliyezoea nyimbo za filamu aghalabu huchoka mapema, na aliyehangaika wiki nzima huweza kuona ukumbi mkubwa umekaliwa na watu wachache. Wapo wanaouliza kama kuwakalisha watoto wa shule kwa amri ya mwalimu hakuwezi kuzaa chuki badala ya mapenzi. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayevuna zaidi si yule anayesikiliza bali yule anayeandaa: hukaa na bingwa kutwa nzima, akamwona akila, akizilegeza na kuzikaza nyuzi, akinyamaza kabla ya kupanda jukwaani.

Harakati yenyewe imeutambua ukweli huo. Ina mpango wa kuwapeleka vijana wachache kuishi na guru, yaani mwalimu, kwa takriban mwezi mmoja, wakishiriki kazi za nyumbani kama wanafunzi wa zamani. Katika mkutano wake wa kila mwaka washiriki huamka alfajiri kwa yoga, hula chakula chepesi, na usiku mmoja husikiliza muziki hadi mapambazuko. Dkt. Seth alitunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2009, na mwaka 2022, akiwa ameshapita umri wa miaka 70, alianza safari ya baiskeli kutoka Srinagar, Kashmir, hadi Kanyakumari, ncha ya kusini ya India, akiitangaza kazi hii.

Msikilizaji wa Pwani hatauona muziki huu kuwa mgeni kabisa. Tabla ilishaingia katika taarabu ya Mombasa, na marehemu Juma Bhalo alisifika kwa nyimbo za Kiswahili zenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma India, matawi yamo katika vyuo vingi, zikiwemo taasisi za teknolojia. Anayejiunga hahitaji kujua kuimba wala kupiga ala. Kazi za mwanzo huwa za mikono, kama kubeba, kufagia na kutandika.