Rangi Zilizofukiwa Ukutani: Nyumba za Bruno Taut Mjini Berlin

Anayekarabati fleti kuukuu huihurumia milango ya mbao, vitasa na sakafu, kisha kuta huzipaka nyeupe. Rangi huiona ni hiari ya mwenye nyumba, ya kubadilishwa kila anapohamia mtu mpya. Mjini Berlin mazoea hayo yalikaribia kuifuta kazi ya msanifu majengo Bruno Taut. Kwake yeye rangi ilikuwa kiungo cha nyumba, sawa na mlango na dirisha.

Kati ya 1913 na 1916 alijenga kitongoji cha Falkenberg na kuzipaka nyumba zake nyekundu, buluu, njano na kijani. Wenyeji wakakibandika jina la kitongoji cha sanduku la rangi. Mwaka 1919, Ujerumani ikiwa hoi baada ya vita, Taut akatoa wito wa kutetea majengo ya rangi. Nakshi na sanamu za mawe ni ghali, alisema, lakini rangi haina gharama hiyo. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki: mpangaji wa kipato kidogo naye anastahili uzuri.

Miaka michache baadaye alipata nafasi ya kuutimiza wito huo. Kuanzia 1925, yeye na Martin Wagner walijenga mtaa wa Britz, ambao kiini chake ni jengo la mita 350 lililopinda kama kiatu cha farasi. Kuta za ndani za roshani zilipakwa buluu, na kando ya barabara ikasimama safu ya nyumba za wekundu uliokolea. Katika mtaa wa Carl Legien, uliojengwa 1928 hadi 1930, pande za barabarani zilipata njano ili njia zilizobana zionekane pana, ilhali nyua zilipewa rangi nyingine nzito. Hakuna kilichobahatishwa. Hata vyumba vya ndani alivipaka rangi kali, kila kimoja kwa namna yake.

Mwaka 1933, Wanazi waliposhika dola, Taut alikimbia. Alifia Istanbul mwaka 1938. Nyumba zake zikapita katika vita, kisha katika matengenezo ya harakaharaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka mitaa mingi ikafifia kuwa kijivu. Picha za nyeusi na nyeupe nazo zilichangia: vizazi vilivyojifunza usanifu vitabuni viliamini kwamba majengo ya kisasa ya enzi hiyo yote yalikuwa meupe.

Wasanifu Winfried Brenne na Helge Pitz ndio walioanza kuichimbua kweli ya rangi zilizofukiwa, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kazi yenyewe inataka subira. Fundi hukwangua kipande kidogo cha ukuta, tabaka moja moja, hadi aifikie rangi ya kwanza, kisha huilinganisha na nyaraka. Rangi ya kurudishia nayo ina masharti. Rangi za madini, alizovumbua Adolf Wilhelm Keim na kuzipatia hataza mwaka 1878, hazikai juu ya lipu kama ngozi ya plastiki. Hushikana nayo kikemikali na kuacha ukuta upumue.

Mwaka 2008 UNESCO iliingiza mitaa sita ya Berlin, ikiwemo Falkenberg, Britz na Carl Legien, katika Urithi wa Dunia. Kwangu mimi ushahidi mzito zaidi wa thamani ya rangi hizo ni nyumba moja ndogo ya Britz ambayo wenyewe waliirudishia rangi za vyumba, sakafu, na majiko ya vigae ya kupashia joto. Mwaka 2013 ilipata tuzo ya urithi ya Ulaya. Ukiingia humo unaelewa kwamba ukarabati wa rangi na urejeshaji wa asili ni kazi moja.

Nyumba nyingi za Britz sasa zinamilikiwa na watu binafsi, na mtaa unalindwa kisheria. Anayetaka kupaka mlango upya hutafuta kwanza kumbukumbu ya mlango wake mwenyewe, kwa kuwa wa jirani huenda ulikuwa na rangi tofauti.