Wakimbiza Magari wa Shutoko

Kwa Kiswahili mashine hufa. Gari limekufa, jenereta imekufa, simu imekufa. Na fundi akifanikiwa tunasema ameifufua. Kwa hiyo kampuni ya Genki ya Tokyo ilipotangaza, Agosti 2024, kwamba inairudisha Shutoko Battle, neno la habari ile lilikuwa tayari mdomoni mwetu: gemu imefufuliwa. Mfululizo huu wa mapambano ya magari usiku ulianza mwaka 1994 kwenye Super Famicom, ukapata umbo linalokumbukwa na wengi mwaka 1999 kwenye Dreamcast, na toleo la mwisho la kuchezwa sebuleni likatoka mwaka 2006 kwenye Xbox 360. Baada ya hapo miaka ikapita, na wachezaji waliokuwa wanafunzi wakawa wazazi. Januari 2025 gemu mpya ikaanza kuuzwa kwenye Steam ikiwa bado inaundwa, na Septemba 25 mwaka huohuo ikatoka kamili. Haina namba wala kijina cha ziada. Kwa Kijapani inaitwa Shutoko Battle, basi, kama ile ya 1999.

Hata jina la kampuni linaingia vizuri katika habari hii. Genki ni uzima, siha, uchangamfu. Wajapani wanapojuliana hali huulizana kama mtu ana genki, nasi tunaulizana, u mzima?

Ninayapenda maneno ya gemu hii kama wengine wanavyoyapenda magari yake. Naandika kuyahusu kwa sababu naamini Kiswahili kinaweza kuyapokea karibu yote, mradi tusiyatafute kwenye orodha za istilahi peke yake. Mengi yako kwa madereva, makondakta na mafundi wa gereji, yakitumika kila siku bila mtu kuyaandika.

Tuanze na Shutoko. Ni kifupi: shuto ni mji mkuu, ko ni silabi ya kwanza ya kosoku, yaani mwendo wa kasi, na doro, barabara, imeachwa nje. Kifupi hiki hutaja mtandao wa barabara za kulipia zinazopita juu ya Tokyo. Kipande cha kwanza, kutoka Kyobashi hadi Shibaura, kilifunguliwa Desemba 1962, jiji likijiandaa kwa Olimpiki za 1964. Ardhi ya kununua ilikuwa haba na muda mfupi, kwa hiyo wajenzi wakafuata mito na mifereji, nguzo zikasimama majini, na mahali pengine mfereji ukakaushwa ili barabara ipite pale ulipokuwa. Ndiyo sababu kona za Shutoko ni kali na njia zake nyembamba: gari linafuata mkondo uliochimbwa kwa ajili ya mashua. Hata daraja la Nihonbashi, ambapo barabara kuu za enzi ya Edo zilianzia kuhesabiwa, lilifunikwa na barabara hiyo mwaka 1963.

Kuitafsiri Shutoko kuna mtego. Ukisema barabara ya mwendokasi, msomaji wa Dar es Salaam ataona basi refu na foleni ya watu kituoni, maana tangu 2016 neno hilo limekwishachukuliwa na mabasi. Msomaji wa Nairobi ataikumbuka Expressway yake, ambayo wengi huitaja kwa Kiingereza hivyohivyo. Mimi naiacha Shutoko ibaki Shutoko, kama tunavyoiacha Kariakoo ibaki Kariakoo.

Sehemu zake, hata hivyo, zinatafsirika kwa raha. Njia inayouzunguka moyo wa jiji, C1, ina urefu wa karibu kilomita 15, na Wajapani huwatofautisha wanaoizunguka kwa ndani na wanaoizunguka kwa nje: uchimawari na sotomawari. Kwa waendeshao kushoto, wa nje ndiye anayefuata mwendo wa mshale wa saa. Mtu wa Tanzania au Kenya haoni taabu hapo, kwani lugha yake inalo neno kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, lililozaliwa na kibao cha kuamuru watu washike kushoto, likaingia ngeli ya ki-vi na kuzaa vipilefti. Neno hilo lisingeweza kuzaliwa Congo, Rwanda au Burundi, ambako magari hushika kulia. C1 ni kipilefti cha kilomita 15, na nasema hivyo kwa heshima yote ya neno.

Kuna pia Wangan: wan ni ghuba, gan ni ufuko. Ni njia ndefu iliyonyooka kandokando ya Ghuba ya Tokyo kuelekea Yokohama, na ndiko magari yenye injini kubwa yanakofungua mabawa. Hapa sina shaka hata kidogo: Wangan ni Mwambao. Barabara ya Mwambao. Watu waliopewa jina kutokana na neno la Kiarabu la pwani hawana sababu ya kuiita kitu kingine.

Tena tunaijua Shutoko kwa sauti. Magari mengi yaliyotumika Japani yakishushwa Mombasa au Dar es Salaam huendelea kusema Kijapani kila yanapowashwa, na miongoni mwa sentensi zinazosikika sana ni ile ya mwanamke anayekumbusha, kwa adabu, kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mtambo wa kukata tozo bila gari kusimama, na unatumika Shutoko. Dereva wa Kinondoni anayeisikia kila asubuhi anakumbushwa kulipia lango ambalo gari lake halitalipita tena.

Sasa jina zima. Japani limekaa lilelile, lakini nje limebadilishwa mara kwa mara: Marekani Tokyo Xtreme Racer, Ulaya wakati fulani Tokyo Highway Challenge, na toleo la 2006 likapewa jina Import Tuner Challenge, jina la watu wanaoyatazama magari haya kama bidhaa kutoka nje. Majina hayo yanasisitiza mbio na vishindo. La Kijapani linasisitiza battle, na Kiswahili kinaijua tofauti hiyo vizuri kuliko Kiingereza cha masoko. Mashindano yana waandaaji, ratiba na kikombe. Mbio zina mstari. Pambano ni la wawili waliokutana uso kwa uso, kama lile la ngumi. Gemu hii ni ya mapambano.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kitu kilichonifanya niandike. Katika gemu nyingi za magari kuna mstari wa kumalizia, na anayeuvuka kwanza ndiye mshindi. Hapa hakuna mstari. Unaendesha usiku katikati ya malori na magari ya watu wasiohusika, unamwona mpinzani, unajiweka nyuma yake, unamwashia taa. Papo hapo inatokea milia miwili, wako na wake, iliyoandikwa SP. Ukiachwa nyuma, mlia wako unapungua. Pengo likikua, unapungua kwa kasi zaidi. Ukigonga ukuta unapungua. Ukiparamia gari la mtu unapungua. Anayeishiwa kwanza ameshindwa, popote alipo, hata kama injini yake bado inanguruma.

SP ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, na aliye na haraka atayatafsiri kuwa alama za roho. Roho haifai. Kwetu roho hutoka mtu akifa, na tukimpa mtu sifa ya roho ni juu ya wema au ubaya wake. Ari ni nzuri, lakini ina harufu ya mikutano ya hadhara: ari ya wafanyakazi, ari ya timu. Neno ni moyo. Mtu hutiwa moyo na huvunjika moyo. Hupiga moyo konde akijua mambo ni magumu. Kiswahili tangu zamani kinauchukulia moyo kama kitu chenye kiasi, kinachoweza kuongezwa na kuishiwa, na ndivyo hasa mlia ule unavyofanya kazi. Wabunifu wa Genki walipima kitu ambacho kila dereva anakijua: unaanza kushindwa pale unapoona taa nyekundu za mwenzako zinakuwa ndogo, kabla ya kufika popote. Kuuita mlia wa moyo kunamweleza mchezaji mpya kanuni yote bila kitabu cha maelezo.

Tendo la kuwasha taa Wajapani huliita passhingu, neno walilojiundia kwa malighafi ya Kiingereza. Dereva wa Barabara ya Morogoro anasema kupiga fulu, na kwake fulu moja inaweza kumaanisha nipishe, au kuna askari mbele. Gemu inaongeza maana ya tatu: tupambane. Neno linaibeba bila kulemewa.

Na anayepambana ni nani? Kijapani kinamwita hashiriya. Hashiri ni kukimbia au kuendesha, na -ya ni kiambishi cha biashara: honya ni duka la vitabu au mwenye duka hilo. Hashiriya basi ni mtu ambaye kazi yake ni kukimbia, ingawa hakuna anayemlipa. Kwa Kiswahili mzizi huu unadai uangalifu. Mkimbiaji ni mwanariadha. Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia nchi yake. Anayetufaa amejificha kwenye kauli ya kusababisha: tunakimbiza gari, kama Watanzania wanavyokimbiza Mwenge. Wanaoupeleka Mwenge wa Uhuru kutoka wilaya hadi wilaya ni wakimbiza Mwenge. Wa Shutoko ni wakimbiza magari.

Kauli hiyo hiyo inatatua neno jingine ambalo limewasumbua wengi, drift. Gemu ya 1994 ilibeba jina la Keiichi Tsuchiya, dereva anayeitwa mfalme wa mtindo huo wa kupita kona ubavuubavu. Magazeti yetu huandika kwamba gari liliserereka na kupinduka. Kuserereka ni ajali, jambo linalompata dereva. Lakini kama kuanguka kunavyozaa kuangusha, kuserereka kunazaa kusereresha, na hapo dereva anakuwa mtendaji. Tsuchiya haserereki. Anasereresha.

Kwa walio milimani kuna toge, barabara ya kupanda na kushuka mlima, iliyokuwa uwanja wa mfululizo ndugu wa Genki, Kaido Battle. Herufi yake iliundwa Japani kwenyewe kwa kuunganisha alama tatu: mlima, juu, chini. Sisi hatuna neno moja la aina hiyo. Tunataja mlima wenyewe, na dereva akisema anapanda Kitonga, kona zote zimo.

Makundi yamenipa kazi zaidi. Waliokuwa wakizunguka C1 usiku waliitwa Japani rurettozoku, zoku ya ruleti, kwa sababu ya kuzunguka huko. Zoku ni kabila, jamaa, ukoo. Kabila ni zito mno kwa kundi la watu walioletwa pamoja na barabara, na genge linawahukumu kabla hawajafungua mlango wa gari. Nimeridhika na wana-, kiambishi chetu cha wanamuziki na wanamaji: wanamzunguko. Hakisifu wala hakilaani, na katika jambo hili napenda hivyo, kwa sababu kukimbiza gari barabarani kwelikweli kumeua watu. Kiwango cha mwendo kilichowekwa sehemu kubwa ya C1 ni kilomita 50 kwa saa.

Wako pia wasio na kundi. Gemu inawaita kwa neno la Kiingereza la watu wanaotangatanga. Mzururaji ni neno la mahakamani tangu enzi ya ukoloni, linanuka rumande. Kwa mfano wa mpita njia naunda mtanga njia. Wapinzani hawa ni sehemu tamu ya gemu: kila mmoja ana maelezo ya maisha yake, na wapo wasiojitokeza mpaka utimize sharti fulani, pengine kuja na gari la aina fulani.

Kabla sijasahau: ile miezi ya 2025 ambapo gemu iliuzwa ikiwa haijakamilika. Pwani ina majina ya kila umri wa tunda la mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Koroma imepita udafu lakini haijawa nazi. Ina nyama, inaliwa, na mwenye subira atasubiri. Gemu ya Januari ilikuwa koroma, ya Septemba nazi.

Yamebaki majina ya vita, na hapa mtafsiri asiogope kujiachia. Mtaa wetu unaoandika majina ya kujigamba nyuma ya daladala na matatu una uwezo wote unaotakiwa. Katika gemu za mwanzo kuna Shitenno, walinzi wanne wa pande nne za dunia katika Ubuddha. Wanne wa Pembe Nne inatosha. Kuna majemadari kumi na watatu wa kishetani, na mkuu wao ni Jintei. Jin ni kasi, tei ni mtawala aliye juu ya wafalme. Kiingereza kilimpa jina la mfalme wa kasi, yaani kilimshusha cheo. Magazeti yetu nayo humwita mtawala wa Japani mfalme tu, hivyo neno hilo limekwisha makali. Lakini Unguja ilikuwa na mtawala aliyeitwa Mwinyi Mkuu. Namwita Mwinyi Kasi. Mtunzi wa mashairi aliyezoea kuhesabu mizani ataona kwamba Kijapani kinalitamka jina la mtu huyo kwa mapigo manne, ji-n-te-i, na mwi-nyi-ka-si nayo ni manne.