Mhandisi Aliyeketi Kiti cha Michezo: Nathan Dougherty wa Tennessee

Wapenzi wa kandanda ya Kimarekani wakitaja Chuo Kikuu cha Tennessee, jina la kwanza midomoni ni la kocha Robert Neyland. Uwanja wa chuo hicho mjini Knoxville, wenye kuketisha watu zaidi ya 100,000, unaitwa kwa jina lake. Lakini kocha huyo alipewa kazi na mwalimu wa uhandisi ujenzi, Nathan Washington Dougherty, na kwa maoni yangu mwalimu huyu ndiye aliyestahili kutajwa kwanza.

Dougherty alizaliwa Virginia mwaka 1886. Aliichezea Tennessee kandanda kuanzia 1906 hadi 1909, mwaka wa mwisho akiwa nahodha, na kwa ukubwa wa mwili wake wenzake walimpa jina la utani la Big-un. Baada ya kusomea shahada ya uzamili Cornell, alirudi Knoxville mwaka 1916 kufundisha uhandisi. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa baraza la michezo la chuo, na kiti hicho hakukiachia hadi 1956.

Huenda msomaji akauliza profesa wa zege na barabara alitafuta nini huko. Michezo ya vyuo vya kusini mwa Marekani ilikuwa imeharibika mapema. Watu wasio wanafunzi walikodiwa kucheza, mchezaji aliweza kuhama chuo hadi chuo akifuata fedha, na matokeo ya mechi yalizua ugomvi usiokwisha. Walimu ndio waliojaribu kutia adabu. Mwaka 1894 William Dudley, profesa wa kemia wa Vanderbilt, aliwaita wenzake Atlanta wakaunda umoja wa kwanza wa kanda hiyo. Umoja huo ulikua ukawa mkubwa mno, na mwaka 1920 vyuo vidogo vilitumia wingi wa kura kukataa masharti mawili: kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asichezee timu kuu, na kwamba anayelipwa kucheza besiboli wakati wa likizo asihesabiwe mchezaji wa ridhaa. Vyuo vikubwa havikukubali. Februari 1921 vyuo 14, Tennessee kikiwemo, vilianzisha Southern Conference, na Dougherty alikuwa miongoni mwa walioshughulikia jambo hilo. Umoja huo nao ulipofikia wanachama 23, vyuo 13 vilijitenga Desemba 1932 katika mkutano uliofanyika Knoxville kwenyewe, na hivyo ikazaliwa Southeastern Conference, ambayo leo ni kati ya ligi zenye nguvu kuliko zote katika michezo ya vyuo Marekani.

Kazi ya namna hii haina makofi. Ni vikao, kanuni, barua na hesabu za fedha, na anayeifanya kwa miaka karibu 40 lazima awe na uvumilivu wa mtu aliyezoea kuanzia kwenye msingi.

Chuo nacho kilihitaji mahali pa kuchezea. Kanali W. S. Shields, mwenye benki na mdhamini wa chuo, alitoa fedha, na mwaka 1921 wanafunzi na walimu walishika sepetu wakamalizia kusawazisha kiwanja kwa mikono yao. Jukwaa la kwanza lilikuwa la zege, upande wa magharibi tu, safu 17 zenye nafasi za watu 3,200.

Mwaka 1925 Neyland alifika kama ofisa wa jeshi wa kuwafunza wanafunzi na kocha msaidizi. Yeye pia alikuwa mhandisi, aliyehitimu West Point na kusoma MIT. Mwaka 1926 Dougherty alimpa timu, na dai lake kuu lilikuwa Vanderbilt, jirani wa Nashville ambaye Tennessee ilikuwa imemfunga mara mbili tu tangu 1892. Mwaka ule Neyland alipoteza. 1927 akapata sare ya 7–7. 1928 akashinda 6–0. Alimaliza kazi yake na ushindi wa mechi 173, vipigo 31 na sare 12.

Kuna upande ambao historia ya chuo hiki haiwezi kuuruka. Miaka yote ambayo Dougherty aliongoza baraza, hakuna Mweusi aliyevaa jezi ya Tennessee. Desemba 1946 timu ya mpira wa kikapu ilisafiri hadi Pennsylvania, kisha ikakataa kuingia uwanjani kwa sababu wapinzani wao, chuo cha Duquesne, walikuwa na Chuck Cooper, kijana Mweusi, na mechi haikuchezwa. Miaka minne baadaye Cooper akawa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA. Kanuni zilizolinda michezo dhidi ya mamluki hazikumlinda yeye, na aliyeketi kiti cha baraza wakati ule alikuwa Dougherty.

Kuanzia 1940 hadi 1956 alikuwa pia mkuu wa kitivo cha uhandisi, na jengo la kitivo hicho lina jina lake. Mwaka 1967 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya kandanda ya vyuo. Mwaka huohuo Nate Northington wa Kentucky alikuwa Mweusi wa kwanza kucheza kandanda ya Southeastern Conference, na 1968 Lester McClain akaichezea Tennessee. Dougherty aliandika kitabu kuhusu historia ya ligi hiyo, akianzia na walimu wa 1894. Kilichapishwa mwaka 1976, naye akafariki mwaka uliofuata.