Ushirika si Uwanja Tu

Mwambie bodaboda wa Shirimatunda akupeleke Ushirika, hatakuuliza ushirika upi. Kwake ni uwanja: pale Polisi Tanzania walipochezea mechi za nyumbani walipokuwa Ligi Kuu, na pale Kilimanjaro Marathon, iliyoanza 2003, inapoanzia na kumalizikia. Wengi wanajua pia kwamba uwanja ni wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Ila kwamba neno lenyewe lilikuwa ugomvi wa kahawa kabla ya kuwa jina la uwanja, hata sisi tunaosoma historia hulipita haraka.

Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao, KNPA, wakati walowezi wa Kizungu hawakutaka kumwona Mwafrika akilima kahawa ya arabika. Sheria ya vyama vya ushirika ikaja 1932, na 1933 KNCU ikachukua nafasi ya KNPA. Tunapenda kuisimulia KNCU kama hadithi ya ushindi mtupu. Lakini 1937 wakulima walezile walivamia maghala ya chama: bei ilikuwa imeshuka, na walilazimishwa kuuza kahawa yao yote kwa KNCU. Mimi naithamini habari hii kuliko ya kuasisiwa kwake. Mtu hapandwi na hasira namna ile kwa kitu asichokiona kuwa chake.

Chuo kilianza 5 Januari 1963, kufundisha watumishi wa vyama: makatibu, watunza hesabu, watu ambao mkulima angewaamini na mzani wake. Halafu, 1976, serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya zao. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya 1982. Fikiria hiyo miaka sita: chuo cha ushirika kiko wazi, na vyama vikuu vilivyohitaji wahitimu wake havipo. Kilidumu. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine, 2014 kikajitegemea.

Vyuo vidogo vya Marekani mara nyingi vimejulikana kwa timu. Wayland Baptist, chuo cha kanisa katika mji wa Plainview, Texas, kilipata sifa kwa wasichana wake wa mpira wa kikapu, walioshinda mechi 131 mfululizo kati ya 1953 na 1958. Chuo cha Moshi kimejulikana kwa uwanja, ambao siku ya marathon hujaa watu ambao hawajawahi kuingia hata darasa lake moja.

Sioni ubaya. Kinachonisumbua ni kwamba wanapita katikati ya historia hiyo wakidhani ni mandhari. Njia inapanda kuelekea Mweka, kwenye vihamba. Bila kahawa ya vihamba kama hivyo, sioni sababu ya chuo cha ushirika kuwekwa Moshi. Bei zilipoanguka, wengi waling'oa mibuni, wakabaki na migomba, wengine wakapanda mboga. Ukikimbia Februari ijayo, pumzi ikikukata kwenye mwinuko ule, tembea kidogo utazame chini ya migomba. Ukiona mti mfupi wenye majani ya kung'aa, huo ndio mbuni. Baada ya hapo ni mteremko hadi Ushirika.