Mawe Yalipokwisha, Benga Ilizama

Sisi tuliokulia ufuoni Dunga, Kisumu, hatuhitaji kuelezwa mlio wa kanda inayopungua mwendo. Redio kaseti imewekwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mwanamuziki wa benga D. O. Misiani anaimba na bendi yake, Shirati Jazz, na mara sauti ile ya juu inaanza kushuka. Gita linaburuta miguu. Mwimbaji anageuka mzee, kisha jitu, kisha mngurumo, halafu kimya. Mtu anafungua kifuniko cha nyuma, anatoa mawe manne, yaani betri, na kuyaanika juu ya bati lenye jua kali. Baadaye benga inarudi, ingawa haidumu.

Kwetu ile ilikuwa hasara. Leo kijana anayetengeneza muziki kwa kompyuta huutafuta mlio huohuo kwa makusudi: mwisho wa kiitikio anaizamisha sauti kana kwamba mota imekatiwa umeme, kisha ngoma inaingia upya.

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka wa 1963, na mkanda wake hupita kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Mkanda ukienda polepole, mawimbi machache zaidi hupita kwenye kichwa kinachousoma, kwa hiyo wimbo hurefuka na sauti kushuka kwa pamoja. Upungufu wa asilimia 6 hivi tu hushusha wimbo mzima kwa nusu toni. Aliyejifunza gita kwa kufuata kaseti analijua tatizo hili: nyuzi zake zimekaa sawa, lakini hazipatani na kanda.

Kabla kaseti hazijaenea kwetu, benga iliishi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo ulikatwa vipande viwili, na ulilazimika kugeuza santuri ili ufikie kile kipande cha mwisho ambapo magita yanakimbizana. Katika miaka ya 1970 mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo alizisambaza santuri hizo mbali sana, hata Zimbabwe wakauita muziki huo kanindo. Kisha, katika miaka ya 1980, kaseti ikawa rahisi kununua na rahisi zaidi kunakili. Redio yenye deki mbili ilitosha. Nakala ilizaa nakala, wanamuziki wakakosa haki yao, na biashara ya santuri ikaporomoka. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba kila mashine iliongeza kosa lake la mwendo, hivi kwamba nyimbo nyingi tulizozipenda hatukuzisikia kamwe katika sauti zilimorekodiwa.

Ng'ambo, kosa hilo lilikuwa limeshageuzwa ufundi. Mwaka wa 1966 Beatles waliunganisha rekodi mbili za Strawberry Fields Forever zilizotofautiana kwa kasi na kwa ufunguo, kwa kubadilisha mwendo wa mikanda. Baadaye, huko Houston, Marekani, DJ Screw alijenga mtindo mzima wa kupunguza mwendo wa nyimbo katika miaka ya 1990. Kwenye kompyuta, kasi na kimo cha sauti vimetenganishwa. Programu kama FL Studio inaweza kuurefusha wimbo bila kuushusha. Anayetaka ladha ya kanda lazima aifunge tena kamba iliyoviunganisha viwili hivyo.

Ladha hiyo naipenda. Ninachohofia ni kanda zenyewe. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka wa 2006. Mwaka wa 2008 Ketebul Music ilitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi kubwa ya kuhifadhi historia ya muziki huu, lakini sehemu ya historia hiyo ingali ndani ya masanduku ya nyumbani, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay na Migori.

Kama unalo sanduku kama hilo, usiruhusu kanda yako ihamishiwe kwenye kompyuta kwa redio yenye mawe yaliyochoka. Tafuta mashine ya umeme, safisha kichwa chake, na kama santuri ya wimbo huo bado ipo, linganisha sauti nayo kwanza. Nakala hiyo iweke kando bila kuiongezea chochote. Mchezo wa kuizamisha sauti ufanye kwenye nakala nyingine.