Dhiki na Kalamu Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Ushauri wa kumtaka mtu mwenye msongo wa mawazo aandike shajara, yaani daftari la faragha anamoweka hisia zake za kila siku bila kukusudia zisomwe na mwingine, umepata nguvu kutokana na utafiti wa saikolojia, hasa jaribio la James Pennebaker na Sandra Beall lililochapishwa Marekani mwaka 1986. Katika jaribio hilo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, na wale walioandika juu ya mambo yaliyowaumiza pamoja na hisia walizokuwa nazo wakaonekana kwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao katika miezi iliyofuata. Katika Mji wa Kale wa Mombasa kalamu ilikwisha kuhusishwa na faraja ya nafsi zamani sana kabla ya hapo, lakini kwa namna nyingine, kwa kuwa kilichoandikwa hakikufungiwa sandukuni bali kilielekezwa kwa mtu, awe hasimu, mpenzi au jirani wa upande wa pili wa kichochoro.

Kilicho karibu zaidi na tiba ni kombe. Mtu aliyeshikwa na wasiwasi, huzuni isiyo sababu au ndoto mbaya hupelekwa kwa mwalimu, naye huyeyusha zafarani katika marashi ya waridi, akaandika aya za Kurani juu ya sahani nyeupe, akaziacha zikauke, kisha akaziosha kwa maji ambayo mgonjwa huyanywa. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya uhalali wa desturi hiyo, na hapa si mahali pa kuwaamua. Linalohusu historia ya uandishi ni kwamba mgonjwa mwenyewe hashiki kalamu, na maandishi hayakusudiwi kudumu wala kusomwa, bali kuingia mwilini.

Aliyeshika kalamu kwa ajili ya yaliyomkera na kumsumbua mwenyewe alikuwa mshairi, na kwa Mombasa jina la kwanza kutajwa ni Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, wakati ukoo wa Wamazrui ulipoutawala mji na kushindana na Sayyid Said, mtawala wa Omani. Tungo zake hazihusu siasa peke yake, kwani zimo pia za mapenzi, ukata na mambo ya nyumbani, na takriban zote zina mtu anayesemezwa. Katika mvutano wa Mombasa na Lamu alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu, kila mmoja akitoa hasira yake ndani ya vina, yaani silabi zinazolingana kwa sauti, na mizani, yaani hesabu maalumu ya silabi katika kila mshororo. Muyaka hakuacha diwani aliyoikusanya mwenyewe. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu na katika karatasi zilizotawanyika, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipoyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor; hatimaye kitabu kilichapishwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, karne nzima baada ya kifo cha mtunzi. Shajara ya kweli isingeokolewa kwa njia hiyo, kwa sababu hakuna anayehifadhi moyoni siri ambayo hakuambiwa.

Wanawake, ambao majina yao hayaonekani sana katika diwani za zamani, walikuwa na karatasi yao, nayo ni kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, hutajwa kuwa ndilo lililoanza kuchapisha kwenye kanga kile kinachoitwa jina, yaani maneno ya fumbo au methali juu ya pindo la chini. Mke mwenza au wifi aliyesengenywa angeweza kuchagua jina linalofaa, akajifunga na kupita barazani bila kufungua kinywa.

Aliyeikaribia zaidi shajara ya faragha alifanya hivyo kwa kulazimishwa. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968 kwa ajili ya chama cha upinzani cha KPU, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, sehemu kubwa ya kifungo hicho akiwa peke yake chumbani. Mashairi yake aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na bila shaka vina na mizani vilimfaa huko kuliko nathari, maana shairi lenye kipimo hukaa kichwani hata karatasi ikinyang'anywa. Hata hivyo, katika upweke huo hakujisemeza mwenyewe tu: Mnazi: Vuta N'kuvute ni mabishano marefu ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, kana kwamba mfungwa asiye na wa kuzungumza naye aliamua kuwaumba wasemaji wawili. Tungo hizo zilitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata zikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Pennebaker na Beall waliona kwamba walioandika kuhusu maumivu yao walijisikia vibaya zaidi mara tu walipoweka kalamu chini, na nafuu ilikuja baadaye. Sauti ya Dhiki nayo haimwonyeshi mtu aliyetulia, kwani katika N'shishiyelo ni Lilo mshairi anashikilia kwamba jela haikumbadilisha msimamo, na hasira iliyomo humo haijapoa.